Linki Bila Sura Haibofywi: Vidokezo 11 kwa Wenye Tovuti za JavaScript

Wewe unayeuza simu Luthuli Avenue, wewe unayepangisha nyumba Kileleshwa, na wewe fundi uliyewajengea tovuti hao wawili: ukurasa huu ni wenu. Tovuti imejengwa kwa React au Vue, inateleza kwenye simu, na picha zinapishana kwa madaha. Kisha mteja anaomba linki kwenye WhatsApp, unamtumia, na kinachotokea ni mstari mtupu wa anwani. Picha haipo, bei haipo, hata jina la bidhaa halipo. Au linatokea la kuudhi zaidi: bidhaa zote mia mbili zinatoka na kadi ile ile, nembo ya duka na maneno "Karibu dukani kwetu."

Na Nairobi hii, nani anabofya linki tupu? Watu wameshatumiwa linki za wakora hadi wakachoka. Biashara nyingi za mjini huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp, la mtaa, la chama, la wazazi wa shule, na huko kadi inayotokea chini ya linki ndiyo inayomfanya mtu asimame au apite.

Chanzo chake si uchawi. Tovuti za aina hii hutuma HTML iliyo karibu tupu pamoja na faili ya JavaScript, na simu ya mteja ndiyo inayoujenga ukurasa. Roboti inayosoma linki ili itengeneze kadi haina muda huo. Husoma kilichotoka kwenye seva, basi, ikaondoka. Abiria wa Kawangware husoma 46 iliyoandikwa mbele ya matatu. Hapandi kwanza ndipo aulize gari linaenda wapi. Dawa ni moja: maneno muhimu yawe yameshaandikwa ndani ya HTML inapotoka kwenye seva. Njia za kufika huko ni kadhaa, na nyingine utazimaliza kabla ya chai ya saa kumi.

1. Usiamini macho yako, amini curl

Kabla ya kugusa chochote, ona kile roboti inachokiona. Fungua terminali, andika curl -A "WhatsApp/2" ikifuatwa na anwani ya bidhaa moja, kisha chuja kwa grep "og:". Ukipata jina la bidhaa hiyo, picha yake na maelezo yake, hongera, ruka hadi kidokezo cha 8. Ukipata kimya, usife moyo, ndiyo sababu tuko hapa. Huna terminali karibu? Kwenye Chrome ya kompyuta bonyeza Ctrl+U. Ila jihadhari na dirisha la Inspect. Lile huonyesha ukurasa baada ya JavaScript kumaliza kazi yake, na limewafanya mafundi wazuri waape kwamba tagi zipo. Ni kweli zipo, lakini zimewasili mgeni akiwa ameshaondoka.

2. Mjue anayepiga hodi

Kila huduma ina roboti yake na jina lake: facebookexternalhit ya Facebook, Twitterbot ya X, TelegramBot, LinkedInBot, na Slackbot-LinkExpanding kwa wale wa ofisini. WhatsApp ina tabia ya peke yake. Unapobandika linki, simu yako wewe mtumaji ndiyo inayokwenda kuuchota ukurasa na kutengeneza kadi, kisha kadi inasafiri pamoja na ujumbe. Liweke hili akilini, tutalihitaji.

Googlebot ni habari nyingine kabisa. Yenyewe huendesha JavaScript, na tangu Mei 2019 hutumia toleo la Chromium linalokwenda na wakati. Ndiyo maana duka linaweza kuonekana vizuri Google huku WhatsApp likitoka uchi. Fundi wako akikujibu "lakini tuko Google," mnunulie kahawa umsomee aya hii.

3. Tagi nne kwanza, mapambo baadaye

Kadi hizi hufuata utaratibu wa Open Graph, ambao Facebook iliutoa mwaka 2010. Tagi za lazima ni nne: og:title, og:type, og:image na og:url. Ongeza og:description, na kwa ajili ya X weka twitter:card yenye thamani summary_large_image ili picha itoke kubwa.

Raha iko kwenye og:title. Usiandike jina la kampuni hapo, maana mteja hatafuti kampuni, anatafuta nyumba. Andika "Vyumba viwili Kileleshwa, Othaya Road, Sh75,000 kwa mwezi" uone simu zitakavyolia. Mahali, kitu, bei: mambo hayo matatu yakae mwanzoni kabisa, kwa sababu skrini ndogo hukata maneno ya mwisho. Na kama wateja wako huzungumza Kiswahili, andika Kiswahili bila haya, kisha uweke og:locale iwe sw_KE. Ukiiacha bila kitu, utaratibu wenyewe huhesabu kwamba umeandika Kiingereza cha Marekani.

4. Iondoe ile # kwenye anwani

Angalia anwani za bidhaa zako. Zinafanana na /#/bidhaa/12? Basi tumempata mshukiwa mkuu. Kila kinachofuata alama ya # hubaki kwenye kivinjari na hakifiki kwenye seva hata siku moja. Seva inaona kila mtu ameomba ukurasa wa mwanzo, na hapo hata ujenge mitambo ya kisasa namna gani, bidhaa zote zitakuwa na kadi moja. Kwenye React badilisha HashRouter uweke BrowserRouter. Kwenye Vue tumia createWebHistory. Kisha iambie seva kwamba anwani yoyote isiyo ya faili halisi ipelekwe kwenye index. Mistari michache ya .htaccess inatosha. Usisahau wateja walio na linki za zamani: weka kipande kidogo cha JavaScript kinachoona # na kumpeleka mtu kwenye anwani mpya.

5. Si kila ukurasa unahitaji dawa kali

Hapa ndipo watu hupoteza wiki nzima na pesa za mteja. Wanasikia "kuunda ukurasa kwenye seva" na wanaanza kuandika upya tovuti yote. Tulia kwanza, gawa kurasa zako mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni kurasa zisizobadilika sana. Wakala mwenye nyumba thelathini Kilimani na Lavington hubadilisha orodha yake mara chache kwa wiki. Hizo ziundwe mapema, HTML kamili ikae tayari kama faili, na ziundwe upya nyumba inapopata mpangaji. Ni rahisi, ni ya haraka, na inakaa hata kwenye hosting ya bei nafuu. Astro, Next.js, Nuxt na SvelteKit zote zinaiweza kazi hii.

Fungu la pili ni kurasa zinazobadilika kila siku: duka la simu ambalo bei zake hupanda na kushuka na dola, au kurasa za habari. Hizo ndizo zinazostahili kuundwa kwenye seva kila zinapoombwa, kisha nakala ihifadhiwe kwa dakika chache ili seva isirudie kazi ile ile kwa kila mgeni. Next.js na Nuxt zote zilitoka mwaka 2016 zikiwa na nia hiyo hiyo, na leo njia imenyooka: kwenye Next.js weka maelezo ya kadi ndani ya generateMetadata, kwenye Nuxt tumia useSeoMeta. Kosa la kuepuka ni hili: usiweke tagi ndani ya useEffect. Kipande hicho hakiendeshwi kabisa kwenye seva, kwa hiyo tagi zako zitatokea kwenye simu ya mteja peke yake. Vivyo hivyo kwa wale waliosakinisha React Helmet wakadhani kazi imekwisha: bila seva ya kuzitoa tagi hizo kwenye HTML, roboti haitaziona.

Fungu la tatu ni kurasa zilizo nyuma ya nenosiri: dashibodi, akaunti, gumzo na mteja. Ziache zilivyo. Zipe kadi moja ya jumla yenye jina la huduma na uende zako. Hakuna anayetuma dashibodi yake kwenye kundi la chama.

6. Huna Node? PHP yako inatosha

Kidokezo hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu kinaokoa biashara ndogo. Tovuti nyingi za mjini zimekaa kwenye hosting ya pamoja yenye cPanel, na mwenye duka hataki kusikia habari za seva mpya ya Node. Sawa, hahitaji. Huna haja ya kuunda ukurasa wote kwenye seva. Kinachohitajika ni sehemu ya head tu.

Fanya hivi. Jenga programu yako ya React kama kawaida. Ibadilishe jina index.html iwe index.php. Juu kabisa andika mistari michache inayosoma namba ya bidhaa kutoka kwenye anwani, inatafuta jina, bei na picha kwenye hifadhidata, kisha inaziandika kwenye tagi za meta. Chini yake acha kila kitu kama kilivyokuwa. Mteja hataona tofauti yoyote, React itaendelea na shughuli zake, lakini roboti itakuta maneno yote yanaisubiri mlangoni.

Mitego ni miwili. Wa kwanza: tumia maswali yaliyoandaliwa mapema kwa PDO, usiiunganishe namba ya kwenye anwani moja kwa moja na SQL, la sivyo umewafungulia wezi. Wa pili ni wa wauza vifaa vya umeme hasa. Ukiwa na bidhaa inayoitwa TV 43", ile alama ya inchi itaifunga tagi katikati na kadi itatoka imekatika. Pitisha kila neno kwenye htmlspecialchars kabla ya kuliandika. Neno moja, na televisheni zote za Luthuli zinapona.

7. Ukibanwa sana, andalia roboti nakala yake

Kuna njia ya mkato: seva inatazama jina la mgeni, akiwa roboti anapewa nakala iliyokwisha kuundwa, akiwa mtu anapewa programu ya kawaida. Huduma kama Prerender hufanya hivyo. Google yenyewe ilikuwa na chombo chake, Rendertron, na imekwisha kukiacha. Sasa inasema wazi kwamba njia hii ni ya kuvukia tu, si ya kuishi nayo. Itumie kama una tovuti kubwa ya zamani na kampeni inaanza Jumatatu. Sharti ni moja: nakala ya roboti na ukurasa wa mtu viseme jambo lile lile. Bei ya kwenye kadi ikiwa tofauti na ya dukani, mteja hatasikiliza maelezo ya kiufundi.

8. Picha iwe nyepesi, iwe katikati, iwe na anwani kamili

Kipimo kinachofaa karibu kote ni pikseli 1200 kwa 630. Facebook hupokea picha nzito hadi MB 8, lakini WhatsApp haina uvumilivu huo: inataka picha iliyo chini ya KB 600, yenye upana usiopungua pikseli 300. Picha iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera ya simu huwa na MB kadhaa, kwa hiyo ipunguze mpaka ifike kama KB 200 au 300. Hapo unakuwa salama, na bando la mtumaji pia linapumua.

Tumia JPEG au PNG, si SVG. Andika anwani nzima kuanzia https, maana /picha/kiatu.jpg peke yake haitoshi. Na bidhaa ikae katikati ya picha: mara nyingine WhatsApp hukata kadi iwe mraba mdogo, na kiatu kizuri cha Toi Market kinabaki kisigino. Kuchapa bei juu ya picha yenyewe? Mimi sishauri. Bei ikibadilika utaanza kazi ya picha upya. Bei ni ya og:title.

9. Kasi, kasi, kasi

Unakumbuka simu ya mtumaji ndiyo inayochota kadi ya WhatsApp? Basi mtumaji akiwa kwenye matatu Waiyaki Way na mtandao unakatika, ukurasa mzito hautawahi. Anabonyeza tuma, ujumbe unaondoka bila kadi. Kwa hiyo mwambie kila anayeuza kwa niaba yako: bandika linki, subiri kadi itokee juu ya kisanduku cha maandishi, ndipo utume. Ni ushauri wa bure, na unafanya kazi leo hii kabla fundi hajagusa chochote.

Upande wa fundi: tagi za og ziwe mwanzoni kabisa mwa head, kabla ya mafungu ya CSS na picha zilizofumwa ndani ya ukurasa. Roboti nyingi husoma mwanzo wa faili tu, kisha huacha.

10. Umetengeneza, lakini kadi ya zamani haiondoki

Usipige meza. Huduma hizi huhifadhi nakala. Facebook ina Sharing Debugger: weka anwani yako, bonyeza Scrape Again, kwisha. LinkedIn ina Post Inspector. Kwa Telegram, itumie linki roboti inayoitwa @WebpageBot na kadi itasomwa upya. WhatsApp haina chombo kama hicho, hivyo ongeza ?v=2 mwishoni mwa anwani na uitume kama mpya. Ukibadilisha picha, badilisha na jina la faili.

Na kama baada ya hayo yote Facebook bado inaonyesha kadi ya ukurasa wa mwanzo kwa kila bidhaa, tazama og:url. Facebook huichukulia tagi hiyo kuwa anwani halisi ya ukurasa, inakwenda huko na kusoma kadi ya huko. Fundi aliyeandika og:url mara moja, ya ukurasa wa mwanzo, akaiacha kwenye kurasa zote, amewaelekeza wageni wote mlango mmoja.

Sababu nyingine ni ukuta wa ulinzi. Umezuia wageni wa nchi zote isipokuwa Kenya? WhatsApp itaendelea kufanya kazi kwa sababu simu ya mtumaji iko hapa hapa, nawe utaamini mambo ni sawa, huku Facebook na Telegram, zinazopiga hodi kutoka seva za ng'ambo, zikifungiwa nje. Angalia pia robots.txt kabla hujamlaumu mtu.

11. Kadi isiseme siri, na linki isijitumie yenyewe

Kuunda ukurasa kwenye seva kunakupa nguvu ya kuandika chochote kwenye kadi. Itumie kwa adabu. Ukurasa wa risiti usitoke na "Oda ya fulani, Sh12,400, kupelekwa Kangemi." Mteja akituma linki hiyo kwenye kundi la mtaa aulize jambo, kundi zima linajua amenunua nini na anakaa wapi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakutaka uzilinde taarifa hizo, na hata isingekuwepo, ni heshima ya kawaida kwa anayekulipa. Kadi ya risiti iseme "Risiti ya oda yako" na jina la duka, yatosha.

Kisha kagua linki za kutumika mara moja: za kuthibitisha akaunti, kukubali ofa, kughairi oda. Zikiwa zinafanya kazi kwa kufunguliwa tu, roboti ya kadi itazifungua kabla ya mteja, naye akibofya anaambiwa "linki hii imeshatumika." Atakupigia simu akiwa amekasirika, na atakuwa na haki. Iache linki ifungue ukurasa wenye kitufe kimoja kikubwa cha "Thibitisha", na kitufe hicho ndicho kitume ombi kwa POST. Roboti zinazotengeneza kadi hazibonyezi vitufe.

Ukimaliza, chukua ile amri ya curl ya kidokezo cha kwanza uiweke kwenye skripti inayopandisha toleo jipya. Ichague bidhaa moja, nyumba moja na risiti moja, ihesabu tagi za og katika kila ukurasa, na ikikosa hata moja, toleo hilo lisipande.